Neno Lililoenea Mdomoni mwa Punda

Kazini walimwita Fundi Midomo, na yeye jina hilo hakulikataa, maana ndiyo kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na mmoja: kuwatafutia wanyama wa katuni maneno ya Kiswahili yanayoenea midomoni mwao. Filamu zilikuja kutoka nje zimekwisha kutengenezwa, watoto wa watu wengine wamekwisha kuzicheka na kuzililia, na yeye akatakiwa azifanye ziseme upya bila mtazamaji kugundua kwamba yule dubu jana alikuwa na lugha nyingine. Watu walidhani ni kutafsiri tu. Alipokuwa na moyo wa kueleza, aliwaambia kutafsiri ni kazi ya kumaliza kabla chai haijapoa. Yeye kwanza alizima sauti. Akaukodolea macho mdomo wa mnyama, akahesabu umefunguka mara ngapi na umefumba wapi, ndipo akaenda kuwinda neno.

Na Kiswahili ni lugha ndefu, hilo hata wanaoipenda wanakubali. Panya wa filamu anafungua mdomo mara moja, ameshaomba radhi, anakimbia. Wewe umebaki na "samahani" yako yenye silabi nne, na panya yuko shimoni. Halafu kuna suala la kufumba. Herufi m, b na p hazitamkiki mdomo ukiwa wazi, na asiyeamini ajaribu. Kwa hiyo pale mnyama anapofumba midomo lazima neno lako liwe na mojawapo, la sivyo hata mtoto wa miaka minne ataona anadanganywa. Fundi Midomo aliwapenda ndege kuliko wanyama wote, kwa sababu ndege hana cha kufumba, unamtilia lolote. Viboko aliwachukia.

Studio yenyewe ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la rangi, kuta zimebandikwa magodoro ili sauti zisivuje. Wafanyakazi walikuwa wanne na wanyama walikuwa mamia. Mama mmoja wa miaka hamsini na sita, mwenye miwani minene na magoti mabovu, ndiye aliyetoa sauti za watoto wote na za mama zao wote, na kwa sababu hiyo wakamwita Bibi Mtoto. Angeweza kugombana na nafsi yake kwa nusu saa, akajinyima pipi, akajililia, kisha akajisamehe, huku anafuma sweta.

Lakini Fundi Midomo alikuwa mzazi pia, na ugomvi wake na filamu hizo ulikuwa wa mzazi zaidi kuliko wa fundi. Alikuwa na binti wawili. Wa kwanza alikuwa na miaka kumi, na humo nyumbani aliitwa Hakimu kwa jinsi alivyohukumu kila kitu, kuanzia wali ulioiva zaidi hadi viatu vya wageni. Wa pili alikuwa na miaka sita, na aliitwa Nukta, kwa sababu baada yake mama yao alisema sentensi imeisha. Kila Jumamosi baba alileta nyumbani filamu aliyokuwa akiishughulikia, sauti bado mbichi, akaiweka kwenye kompyuta juu ya meza ya sebuleni, na mabinti wakawa baraza la wazee. Walipocheka mahali pasipostahili, Jumatatu alibadilisha.

Alikuwa na imani yake kuhusu hadithi za watoto na hakuificha. Mtoto hajapungukiwa akili, alisema, amepungukiwa urefu tu. Kwa nini basi umwimbie jambo ambalo ameshaliona kwa macho yake? Kwa nini mhalifu atambulike kwa nyusi? Kwa nini funzo la filamu lisemwe na kobe, kisha lirudiwe na bundi, kisha waliimbe wote kwa pamoja mtu asije akatoka bila kufunzwa? Hadithi nzuri, kwa maoni yake, ni ile inayotimiza ilichosema. Ikisema mto una kina, basi kuna mtu atalowa. Alichokichukia kuliko vyote ni kile alichokiita kifo cha kuazima. Mnyama anayependwa anaanguka kutoka mlimani, muziki unashuka, watoto wanalia hadi makamasi, na dakika chache baadaye anafumbua jicho, kisa chozi la rafiki limemdondokea puani. Uchungu wa watu umechukuliwa, haurudishwi, na hakuna anayeona haya.

Hakimu alirithi ugomvi huo mzimamzima. Mnyama alipoanguka na Nukta akaanza kuvuta kamasi, Hakimu alimshika goti na kumwambia asipoteze machozi, huyu atarudi sasa hivi. Hakukosea hata siku moja. Nukta akajifunza kungoja. Akawa analia kidogo tu, kwa heshima, kisha anafuta uso na kutazama saa ya ukutani ambayo alikuwa hajui kuisoma. Baba yao aliwatazama akacheka. Alijisifu hata kazini kwamba nyumbani kwake filamu haimdanganyi mtu.

Mwezi wa pili Hakimu aliamka na homa siku ya Jumatatu, na Alhamisi akafa. Hadithi hii haitalizungukazunguka neno hilo, kwa kuwa nyumbani kwao lilizungukwa vya kutosha. Madaktari walisema jina la ugonjwa, na baba, mtu wa silabi, akajikuta anazihesabu. Zilikuwa saba. Hilo ndilo analolikumbuka vizuri kuliko yote ya siku ile, na amejichukia kwa hilo.

Siku ya mazishi Nukta alipelekwa kwa jirani acheze. Jioni alirudishwa, akakuta nyumba imejaa viatu mlangoni, na shangazi yake, dada yake baba, akamchukua mapajani. Shangazi ni mwanamke mwenye huruma na maneno yake ni ya watu wote. Alianza kwa kusema Mungu amempenda dada zaidi. Nukta akauliza, kwani sisi hatukumpenda? Shangazi akaona hapo pana tope, akageuza njia. Akamwambia dada ametangulia tu, sote tutamfuata. Nukta akatulia. Akawatazama baba na mama kama kuuliza ndivyo? Na wao, wote wawili, wakaitikia kwa kichwa.

Sasa, neno hilo kwa watu wazima ni pazia. Kwa Nukta lilikuwa na anwani. Kila asubuhi ya shule, tangu Nukta aanze darasa la kwanza, Hakimu ndiye aliyemaliza mapema kuvaa, maana alikuwa kiranja na viranja hawachelewi. Mama yao alipokuwa akimfunga Nukta kamba za viatu alisema maneno yaleyale: "Haya haraka, dada ametangulia, mfuate." Nukta akakimbia, na pale kwenye kona ya duka la vioo akamkuta dada yake anajitazama kwenye vioo vya kuuzwa huku anamngoja. Ametangulia maana yake ilikuwa hiyo. Yuko mbele kidogo, usichelewe.

Hayo yote baba hakuyaona. Baada ya siku nane alirudi kazini na hakuwa na chochote. Watu walimwambia lia, usijifungie. Alikubali, akajaribu, hakikutoka kitu. Alikuwa kama mtu aliyetoka kung'olewa jino, anabonyeza shavu kila mara aone kama ganzi imekwisha. Alikula alichopewa. Alicheka ilipotakiwa kucheka, akausikia mdomo wake ukifanya kazi hiyo peke yake. Mkewe, aliyefundisha hesabu sekondari, aliendelea kusahihisha madaftari kila jioni kwenye ile meza ya sebuleni, na wakazungumza mambo ya maji, ya gesi, ya nani atapita sokoni. Kitanda cha Hakimu hawakukitoa wala hawakukitandua. Wakilazimika kumtaja walisema "tangu atangulie", kisha mmoja akaenda kutazama kama mlango umefungwa.

Kitu pekee kilichokuwa kikienda vizuri nyumbani, kwa maoni yao, ni bidii ya Nukta. Zamani alikuwa wa kuvutwa miguu kutoka kitandani. Sasa aliamka saa kumi na mbili bila kuitwa, kisha saa kumi na moja na nusu, akavaa mwenyewe, akajifunga kamba kwa mafundo ya ajabu, akasimama mlangoni na begi mgongoni kuwahimiza. Tunachelewa, alisema, tunachelewa. Shule ilikuwa mwisho wa mtaa, hatua mia tatu, na watoto wote wa mtaa huo walikwenda wenyewe; baba alisimama dirishani na kikombe, akamtazama akienda mbio hadi kwenye kona ya duka la vioo, akikata kona haonekani tena. Mwalimu wa darasa aliandika kwenye ripoti kwamba siku hizi mtoto hakosi shule ila akifika darasani anaonekana amechoka. Baba akatia sahihi. Mama akasema mtoto amekua, majonzi humkomaza mtu. Baba akasema ndiyo.

Mwezi wa sita ikaja filamu ya punda.

Ilikuwa ya mwanapunda na punda mkubwa, mbeba maji wa kijijini, waliokuwa marafiki. Katikati ya filamu punda mkubwa anavuka daraja wakati wa mafuriko, daraja linakatika, anachukuliwa na maji. Mwanapunda anangoja nyumbani. Mama yake anarudi kutoka mtoni, amelowa, anamwinamia na kumwambia neno moja. Mwanapunda analia. Alfajiri anatoroka kwenda kumfuata mwenzake, anatembea dakika arobaini na nyimbo tatu, anafika mtoni, chozi linadondoka majini, maji yanang'aa, na punda mkubwa anatoka mzima. Hata manyoya yalikuwa makavu.

Fundi Midomo alifanya kama alivyofanya siku zote. Alizima sauti akatazama mdomo. Mama punda aliinama, mdomo ukafunguka, ukafumba, ukafunguka, ukachongoka mbele kidogo, kisha meno ya juu yakagusa mdomo wa chini na mwisho ukabaki wazi. Akarudisha nyuma, akatazama tena. Mara nne unafunguka. Unafumba kabla ya mara ya pili. Unachongoka kwenye ya tatu. Meno juu ya mdomo kwenye ya nne. Hakuhitaji kuwinda. Katika miaka kumi na mmoja hakuwahi kukuta neno lililoenea hivyo, kama kifuniko na sufuria yake. Punda huyo wa nchi za watu, aliyechorwa na mtu asiyejua hata salamu ya Kiswahili, alikuwa anasema wazi: amekufa.

Alikaa pale hadi kioo cha kompyuta kikajizima chenyewe. Alibonyeza shavu, kama yule wa jino, na ganzi ilikuwepo.

Akaliandika neno. Siku ya pili meneja akamwita. Meneja hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa barua, na barua ilikuwa mkononi. Wenye filamu walikuwa wameajiri mtu wao wa kukagua Kiswahili, naye ametuma orodha ya maneno yasiyofaa masikio ya watoto: kufa, kifo, maiti, kaburi. Chini yake akaandika kilichopendekezwa. Meneja alikisoma kwa sauti, kwamba mahali pa mama punda isemwe "ametangulia", ni neno la staha na linafariji.

Fundi Midomo akasema halienei. Lina silabi sita, mdomo unafunguka mara nne, na hakuna herufi f humo, meno yatabaki yananing'inia bila kazi.

"Wewe si ndiyo fundi? Libane," meneja akasema. "Tena wewe mwenyewe unajua, mtoto haambiwi hivyo. Pole, sikutaka kugusa huko. Lakini unajua."

Mwaka uliopita angepigana. Angempandishia meneja sauti, angeandika barua yake ya kurasa tatu kwa wenye filamu, mkewe angemwambia utafukuzwa, na Hakimu angeomba aisome kabla haijatumwa. Sasa aliona ni kama mtu anamwuliza anataka chai au maji. Akasema sawa. Akafuta silabi nne akaweka sita.

Bibi Mtoto alisimama mbele ya kipaza sauti na sweta lake kwenye kiti, akalisema hilo neno mara saba. Alipolisema taratibu punda alikuwa ameshafumba mdomo na maneno bado yanatoka. Alipoliharakisha lilisikika kama tangazo la basi. Mara ya nane alivua visikizio masikioni na kumwita Fundi Midomo kupitia dirisha la kioo.

"Kulisema kama mama nitajibana nitalisema," alisema. "Tatizo langu ni hapa chini, nikigeuka mtoto. Imeandikwa nalia. Nalilia nini? Mama kaniambia mwenzangu katangulia. Mimi mwanapunda nikisikia hivyo silii. Navaa viatu nimkimbilie."

Fundi sauti wa studio akasema punda havai viatu, yeye na Bibi Mtoto wakacheka. Fundi Midomo akamwambia alie tu, ndivyo mdomo unavyoonyesha. Bibi Mtoto alimtazama kwa muda juu ya ile miwani, akavaa visikizio vyake, akalia. Alilia vizuri, kama kawaida yake, hadi fundi sauti akainamisha kichwa.

Jumamosi ile Fundi Midomo alileta filamu nyumbani. Hakuwa ameleta tangu mwezi wa pili, na kwa nini aliileta hii mwenyewe hakujua. Aliitia kwenye begi kwa mazoea, akagundua yuko nayo alipokuwa kwenye ngazi za nyumbani. Mkewe alikuwa mezani na madaftari yake. Alimwuliza kama ni lazima. Akajibu ni kazi. Mkewe akasogeza madaftari upande mmoja ili kompyuta ikae, akaendelea na kalamu yake nyekundu.

Nukta alitazama akiwa amekaa wima. Hakucheka kwa kobe, na kobe alikuwa anajitahidi. Daraja lilipokatika hakulia. Mama punda alipoinama na kusema neno lake, limebanwa na kuharakishwa, mtoto aligeuka akamwangalia baba yake kwa furaha, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Baba akadhani amelipenda lile tope la mafuriko. Mwanapunda alipotoroka alfajiri, Nukta alisogea mbele hadi magoti yakagusa meza. Alipofika mtoni na chozi likadondoka na yule mkubwa akatoka majini mkavu, mtoto akashusha pumzi ndefu, akashuka kwenye kiti na kwenda chumbani. Alirudi na viatu vya shule mkononi, akaketi sakafuni, akaanza kuvifunga kamba.

Baba akamwambia leo ni Jumamosi.

"Najua," Nukta akasema. "Nafunga mafundo mapema, Jumatatu nisichelewe. Yeye alimpata kwa sababu aliondoka alfajiri."

"Nani?"

"Huyo punda. Mimi naondoka saa kumi na mbili, nikifika kwenye kona dada ameshaondoka. Nikifika kwenye mataa ameshaondoka. Juzi nilifika hadi kwenye ile barabara ya malori, nikangoja, kengele ya shule ikanipita. Jumatatu nikiondoka saa kumi nitavuka."

Kalamu ya mama ilisimama juu ya karatasi. Barabara ya malori ilikuwa mbali kupita shule, njia sita za magari, na watu wazima wenyewe walivuka wakishikana mikono. Miezi minne huyu mtoto alikuwa akikata kona ya duka la vioo, baba yake anageuka dirishani amalize chai, na yeye anaendelea.

Nukta alikuwa hajamaliza. Aliinua uso, na hakukuwa na kilio usoni mwake, ni uchovu tu wa mtu ambaye amekuwa akifanya kazi ya wengine peke yake.

"Baba, ametangulia wapi? Niambie barabara tu. Nitafika mwenyewe."

Fundi Midomo alishuka kwenye kiti akakaa sakafuni mbele yake. Kwenye kompyuta majina ya watu yalikuwa yanapanda, na jina lake lilikuwemo humo, kwenye maneno ya Kiswahili. Alikuwa na maneno mengi ya staha kichwani, ameyalipia kwa miaka kumi na mmoja ya kazi, mengine yana silabi sita na mengine nane. Akachukua kile kiatu kutoka mkononi mwa mtoto. Alimtazama mkewe, na mkewe hakutikisa kichwa wala hakuitikia, alimtazama tu. Basi akalisema. Alisikia midomo yake ikifumba ilipotakiwa kufumba, na meno yakigusa yalipotakiwa kugusa.

"Dada hakutangulia," alisema. "Tulikosea kukuambia hivyo. Dada amekufa."

Nukta alifikiri. Akauliza kama mwisho atarudi. Baba akasema harudi, si mwisho wala baada ya mwisho. Akauliza kama akimlilia sana. Baba akasema hata akimlilia sana, hata wakimlilia wote, kile cha filamu ni uongo, na uongo huo ameusaidia yeye. Aliyasema haya kwa sauti ileile ya kusema gesi imekwisha. Hakuwa na nyingine.

"Mama anajua?" mtoto akauliza.

"Anajua."

"Shangazi je?"

"Anajua."

"Mwalimu? Na yule jirani?"

Baba akasema wote wanajua. Nukta akahesabu kitu kwa vidole, akafika mwisho.

"Kwa hiyo nilikuwa sijui mimi tu."

"Wewe tu."

Akakubali kwa kichwa. Hakukasirika, alikuwa anaona jinsi mambo yanavyopangwa na watu wazima, na alikuwa anayapanga na yeye. Aliuvuta ulimi wa kile kiatu mkononi mwa baba yake, akaunyoosha. Kisha akauliza, "Na dada je? Yeye ameambiwa?"

Baba hakuelewa. Akauliza, ameambiwa nini?

"Kwamba amekufa. Maana mimi hamkuniambia. Labda na yeye hakuna aliyemwambia, yupo tu mahali anatungoja."

Fundi Midomo alifungua mdomo, akaufumba, akaufungua. Nyuma yake kiti kilisogezwa. Mkewe alikuja akapiga magoti sakafuni, akawakumbatia wote wawili pamoja na kiatu, na hapo ndipo, kwa mara ya kwanza tangu ile Alhamisi, ganzi ikamtoka Fundi Midomo, pakamuuma.